Mafunzo ya bioteknolojia katika vyuo vya jamii Marekani: tathmini ya ushirika wa vyuo na viwanda

Mpe mhitimu wa mafunzo haya pipeti (kifaa cha mkono cha kuvuta na kupima kimiminika kidogo) ya maikrolita 1,000, kikombe cha maji yaliyosafishwa na mizani nyeti ya maabara. Mwambie avute ujazo kamili mara 10, na kila mara aandike uzito. Maji ya ujazo huo, yakiwa kwenye nyuzi 20, yana uzito wa gramu 0.998 hivi, na kiwango cha kimataifa cha ISO 8655 kinairuhusu pipeti ya ukubwa huo kukosea kwa maikrolita 8 tu, juu au chini. Namba zikija 1.03 au 1.04, kidole kilibonyeza kitufe cha pipeti hadi kituo cha pili, ambacho ni cha kumwagia, wakati wa kuvuta. Namba ya kwanza ikiwa ndogo kuliko zinazofuata, ncha haikuloweshwa kabla ya kuanza. Zikiyumba huku na huku, pipeti inalazwa upande badala ya kusimama wima, au kidole gumba kinaachia ghafla na hewa inaingia pamoja na maji.

Jaribio hilo halizidi dakika 10, na linaeleza mengi kuhusu chuo kuliko kijitabu chochote cha matangazo. Aliyefundishwa vizuri atasoma namba zake, atagundua kosa mwenyewe, ataandika alichokiona, wala hataifuta namba yoyote. Tunautathmini ushirika kati ya vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma ambavyo kwa kawaida ni vya miaka 2, na viwanda vya bioteknolojia Marekani kwa kipimo hicho: saa ngapi za mkono kwenye kifaa, na karatasi za namna gani zinajazwa wakati mkono unafanya kazi. Majengo, hafla za kukata utepe na orodha ndefu ya nembo za kampuni kwenye tovuti vinakuja nyuma sana.

Kwa ufupi, huduma hii ni nzuri. Kwa mtu anayetaka kuingia kiwandani haraka bila deni kubwa, ni miongoni mwa njia bora zilizopo nchini humo. Ila ubora unatofautiana mno kati ya chuo na chuo, na tofauti hiyo huanzia kwenye makubaliano yenyewe kati ya chuo na kiwanda.

Mfumo ulivyojengwa

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyolitaka Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, lifadhili mafunzo ya mafundi wa teknolojia kupitia vyuo vya miaka 2. Humo ndimo ulimozaliwa mpango wa ATE, yaani elimu ya juu ya kiteknolojia. Kwa upande wa bioteknolojia, kituo cha Bio-Link kilianzishwa mwaka 1998 katika City College of San Francisco, kikawa kiungo cha walimu wa fani hii nchi nzima: mitaala, vifaa vya kugawana, warsha za walimu. Tangu 2019 jukumu hilo limebebwa na kituo cha InnovATEBIO chenye makao yake Austin Community College, Texas. Kwa upande wa uzalishaji, yaani utengenezaji wa dawa kwa kutumia seli, kulikuwa na kituo cha NBC2 katika Montgomery County Community College, Pennsylvania, ambacho vitabu vyake vya mazoezi vimetumika mbali na jimbo hilo.

Jimbo la North Carolina ndilo lililokwenda mbali zaidi, na anayetaka kuona ushirika ukifanya kazi aanzie huko. Mfuko wa Golden LEAF, uliotokana na fedha za fidia za kampuni za tumbaku, uliweka mamilioni ya dola mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye mafunzo ya uzalishaji wa dawa. Fedha hizo zilijenga kituo cha mafunzo cha BTEC katika Chuo Kikuu cha North Carolina State huko Raleigh, kilichofunguliwa 2007 kikiwa na mitambo ya kiwango cha kiwanda, na zikaanzisha BioNetwork, mtandao unaounganisha vyuo vya jamii vya jimbo zima. Kwa hiyo chuo kidogo cha vijijini hakilazimiki kununua mtambo wa dola milioni. Kinafundisha misingi kwenye maabara yake, kisha kinawapeleka wanafunzi kwenye mitambo mikubwa kwa mafunzo ya siku chache.

Mjini Clayton, kaunti ya Johnston, walifanya jambo ambalo tungependa kuliona kwingi. Viwanda vya dawa vya eneo hilo vilikubali kutozwa kodi ya ziada ndani ya ukanda maalumu, na fedha hizo zikasaidia kuendesha kituo cha mafunzo cha Johnston Community College, kilicho jirani kabisa na viwanda. Mchango wa hiari hukatwa kirahisi mwaka wa bajeti mbaya. Kodi ya ukanda hukusanywa kila mwaka, na chuo kinaweza kumwajiri mwalimu kikijua mshahara wake wa mwaka kesho upo.

Unachopata kwa bei gani

Kuna ngazi tatu, na wengi huzichanganya.

Ya chini kabisa ni kozi fupi ya kuingia kiwandani. Mfano unaojulikana zaidi ni BioWork ya North Carolina, yenye saa zaidi ya 120, inayofundishwa mchana au jioni na haidai mtu awe na msingi wa sayansi zaidi ya wa sekondari. Kwa kuwa inaendeshwa kama elimu ya watu wazima, ada yake inafuata bei za jimbo kwa kozi fupi: dola 180 kwa kozi inayozidi saa 50, ukiongeza kitabu na gharama ndogo ndogo za chuo. Kwa fedha hiyo mtu anajifunza vipimo na hesabu za kiwanda, usalama, uandishi wa rekodi, misingi ya kudhibiti joto, shinikizo na mtiririko, na jinsi seli zinavyokuzwa na protini kusafishwa. Thamani ya kozi hii kwa dola moja ni vigumu kuipita.

Ya pili ni cheti au shahada ya miaka 2, yenye kemia, mikrobiolojia, hesabu na maabara nyingi. Hapa ndipo mtu anajenga mikono ya fundi wa maabara ya ubora, anayepima sampuli badala ya kuendesha mtambo. Atakayependa kusoma zaidi baadaye achague ngazi hii, kwa sababu saa za kozi fupi mara nyingi hazihesabiwi kama krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa kufikia shahada. Vyuo vingine vina utaratibu wa kuitambua kozi fupi mtu anapojiunga na cheti. Uliza, na upate jibu kwa maandishi.

Ya tatu ni shahada ya kwanza kamili ndani ya chuo cha jamii. California iliruhusu majaribio ya shahada hizo kwa sheria ya 2014, na MiraCosta College ya Oceanside ikafungua shahada ya uzalishaji wa kibiolojia. Mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa kila krediti ya miaka miwili ya kwanza na dola 130 kwa kila krediti ya ngazi ya juu, kiasi kwamba ada ya shahada nzima inazunguka dola 10,000. Mtaala wake umejaa ubora, uthibitishaji wa mitambo na kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mambo ambayo shahada ya kawaida ya biolojia huyapita juu juu.

Sasa jambo la fedha za msaada, maana hapa watu hukwama. Msaada wa Pell, ambao serikali kuu huwapa wanafunzi wa kipato cha chini, kwa muda mrefu haukugusa kozi fupi. Sheria ya 2025 imefungua mlango kuanzia tarehe 1 Julai 2026 kwa kozi za wiki 8 hadi chini ya 15, zenye saa 150 hadi 599. Soma namba hiyo ya chini mara mbili: kozi ya saa 130 inabaki nje. Pia programu yenyewe lazima itimize masharti ya idadi ya wanaomaliza na wanaopata kazi. Usidhani kozi inaingia kwa sababu tu jirani yako alipata Pell kwa shahada yake. Njia nyingine ni uanagenzi uliosajiliwa na Wizara ya Kazi: angalau saa 2,000 kazini kwa mshahara, na darasani zinapendekezwa saa zisizopungua 144 kwa mwaka. Chuo kinakuwa darasa, kiwanda kinakuwa karakana, na mara nyingi mwanafunzi halipi kitu. Nafasi hizo ni chache, lakini pale zilipo tungemshauri mtu azikimbilie kabla ya nyingine zote.

Ndani ya maabara

Kinachotenganisha chuo kizuri na cha kawaida kinaonekana kwenye kazi ndogo kama kutengeneza bafa, yaani myeyusho unaozuia pH (kipimo cha uasidi) isiyumbe. Chukua Tris, kemikali ya kutengenezea bafa, ya molari 1 (kipimo cha ukolezi), mililita 500. Hesabu inatoa gramu 60.6 za unga. Mwanafunzi wa kitabuni anamimina unga ndani ya mililita 500 za maji, anarekebisha pH kwa asidi, na anaishia na mililita 540 za kitu ambacho si molari 1 tena. Aliyefundishwa anaanza na maji ya mililita 400 hivi, anayeyusha, anasubiri mchanganyiko urudi kwenye joto la chumba kwa sababu asidi inaupasha moto, anarekebisha pH, ndipo anajazia hadi 500 kwenye silinda ya kupimia, wala si kwenye bika ambayo mistari yake ni ya makadirio.

Halafu kuna mtego ambao chuo kizuri hukitegea darasa makusudi. Bafa ya Tris iliyowekwa pH 8.0 kwenye nyuzi 25 ikipelekwa kwenye chumba baridi cha nyuzi 4 inapanda hadi karibu 8.6. Mwanafunzi anapima tena kesho yake, anaona namba nyingine, na anaanza kulaumu mashine. Akishaelewa kwamba pH ya Tris inashuka kwa karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hataandika tena pH bila kuandika joto pembeni yake. Kiwandani, upungufu huo mmoja kwenye karatasi unatosha kusimamisha tangi zima la bafa hadi uchunguzi ukamilike.

Karatasi yenyewe inaitwa rekodi ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa uzalishaji, na ndiyo roho ya kazi hii. Ni kijitabu cha hatua zilizochapwa tayari, kila hatua ikiwa na nafasi ya kujaza: namba ya loti ya malighafi, tarehe ya kuisha muda wake, namba ya mizani, uzito uliolengwa na unaoruhusiwa, uzito uliopatikana, saa, sahihi ya mtendaji, sahihi ya mhakiki. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu ili kosa lisomeke, unaandika namba iliyo sahihi, unaweka herufi za jina lako, tarehe na sababu. Hakuna ufutio, hakuna rangi nyeupe ya kufunika, hakuna kuandika namba juu ya namba. Nafasi isiyohusika haiachwi wazi. Na kuna dogo ambalo walimu waliotoka viwandani hulijua: risiti ya mizani inachapwa kwenye karatasi ya joto, ambayo hufifia baada ya muda, kwa hiyo inatolewa nakala, nakala inasainiwa na kubandikwa pamoja na risiti. Ukiona mwanafunzi anafanya hivyo bila kukumbushwa, mwalimu wake anaijua kazi.

Kosa tunaloliona likirudiwa katika vyuo dhaifu ni kuruhusu daftari la kawaida la maabara lichukue nafasi ya rekodi ya bechi, kisha somo la GMP, yaani kanuni za utengenezaji bora wa dawa, likafundishwa kama mada ya wiki moja yenye slaidi na maswali ya kuchagua. Mwanafunzi anafaulu mtihani na bado anajaza saa za jana leo asubuhi. Kiwandani hilo lina jina lake, kughushi kumbukumbu, na mtu hufukuzwa kazi kwa ajili yake hata kama dawa yenyewe haina dosari.

Seli hazijui ratiba ya chuo

Tatizo kubwa la kiufundi la mafunzo haya ni kalenda. Dawa nyingi za kingamwili hutengenezwa kwa seli za CHO, zilizotokana na ovari ya hamsta wa China, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Zinajigawa mara moja kwa siku hivi, na kuzikuza ndani ya tangi huchukua takribani wiki mbili bila kukatika: kila siku sampuli, kila siku kuhesabu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Darasa linalokutana Jumanne na Alhamisi jioni haliwezi kufanya hivyo. Ndiyo maana vyuo vingi hukimbilia bakteria wa E. coli walioingizwa jeni ya protini ya kijani inayong'aa, GFP. Hao wanajigawa kwa dakika 20 hadi 30, kwa hiyo unaanza asubuhi, unavuna jioni, na unapoisafisha protini kwenye safu ya kromatografia, bomba linalotenganisha protini na uchafu, darasa zima linauona mstari wa kijani ukishuka.

Kama somo la kwanza ni zuri sana. Kama somo pekee halitoshi, kwa sababu bakteria anasamehe. Tangi la bakteria likiingiwa na kijidudu kingine, mara nyingi E. coli anakuwa ameshakimbia mbele. Tangi la CHO likiingiwa na tone moja chafu siku ya pili, siku ya nne maji yamekuwa ukungu, sukari imekwisha na seli zimekufa. Mikono inayotakiwa kwa seli za wanyama ni mingine kabisa: kabati la usalama, lenye hewa iliyochujwa, liwashwe dakika kadhaa kabla, kila kinachoingia kipanguswe kwa alkoholi ya asilimia 70, mkono usipite juu ya chupa iliyo wazi, na matundu ya hewa ya mbele yasizibwe na daftari. Hilo la daftari linaonekana dogo. Lakini linavunja pazia la hewa.

Chuo kinachojali hutafuta njia. Kipo kinachogawa wanafunzi kwa zamu za wikendi kwa wiki mbili tu za muhula, wakilipwa kwa krediti za mafunzo kwa vitendo. Kingine huanzisha tangi siku tatu kabla ya darasa ili wanafunzi walikute katikati ya ukuaji, wahesabu seli, wazilishe, kisha fundi wa maabara aendelee nalo. Hesabu yenyewe ni rahisi lakini lazima ifanywe kwa mkono mara nyingi: seli zinachanganywa nusu kwa nusu na rangi ya bluu ya trypan, zilizokufa zinaingiwa na rangi, unahesabu hai katika miraba minne mikubwa ya kioo cha kuhesabia, unapata wastani, unazidisha kwa 2 na kwa 10,000. Wastani wa 30 unakupa seli 600,000 kwa mililita. Makosa hutokea kabla ya hesabu: chupa haikuchanganywa na seli zimetuama chini, au kioo kimejazwa kupita kiasi na maji yakafurika mfereji. Mashine ya kuhesabu seli ni nzuri, lakini darasa lililoanza na mashine halijui kuitilia shaka inapokosea.

Vivyo hivyo kwa vihisi vya tangi. Kihisi cha oksijeni cha aina ya zamani kikichomolewa umeme kinahitaji karibu saa 6 kikiwa kimeunganishwa kabla ya kusoma sawasawa. Kikipangwa asilimia 100 kabla tangi halijafika nyuzi 37, namba zote zinazofuata zina kasoro, kwa kuwa maji moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kihisi cha pH nacho husogea baada ya kupitia otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, kwenye nyuzi 121, kwa hiyo sampuli inatolewa na kulinganishwa na kipimo cha nje. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili kwa nini hatua hizi zipo. Wakijibu "ndivyo ilivyoandikwa kwenye mwongozo," ujue walisimama nyuma ya mwalimu wakitazama.

Kuna mambo ambayo tangi la kioo la lita 3 haliwezi kuyafundisha kabisa, na chuo kinachodai yanafundishika humo kinapotosha. Kusafisha bomba za chuma kwa magadi makali na mvuke, kuunganisha mipira mizito kwenye tangi la lita 2,000, kugundua kwa sikio kwamba valvu haikufunga, kuvaa suti ya chumba safi na kukaa nayo saa nyingi. Kwa hayo ndipo BTEC na vituo vya aina yake vinapostahili kila senti. Siku tano kwenye mtambo halisi baada ya muhula mzima wa misingi zinazaa zaidi ya muhula mwingine wa darasani.

Pale makubaliano yanapovuja

Kanuni za FDA, kifungu cha 21 CFR 211.25, zinasema mfanyakazi wa dawa awe na elimu, mafunzo na uzoefu, au mchanganyiko wowote wa hivyo, vinavyomwezesha kufanya kazi aliyopewa. Hakuna mahali panapodai shahada ya kwanza. Hata hivyo takwimu za kazi za serikali zinaitaja shahada ya kwanza kuwa ndiyo elimu ya kawaida ya kuingilia kwa fundi wa biolojia, na programu za kompyuta za idara za ajira huchuja maombi kwa kigezo hicho hicho. Matokeo yake ni jambo la kusikitisha: meneja wa uzalishaji anakaa kwenye kamati ya ushauri ya chuo na kusifu mtaala, huku mfumo wa ajira wa kampuni yake ukiwatupa nje wahitimu wa chuo hicho kabla binadamu hajasoma majina yao.

Kwa hiyo kifungu kimoja cha makubaliano tunakiona muhimu kuliko mitambo ya msaada: kwamba cheti cha chuo kimeandikwa kwenye tangazo la kazi kama sifa inayokubalika, na kila anayemaliza kwa kiwango fulani anahakikishiwa usaili. Kampuni isiyoweza kutia sahihi hapo haijawa mshirika. Imekuwa mgeni mwema.

Kamati ya ushauri inayokutana mara moja kwa mwaka kwa chakula cha mchana ni dalili ya pili. Kamati hai inaleta taratibu za kazi zilizofutwa siri za biashara, inazipitia na walimu ukurasa kwa ukurasa, na inawapeleka walimu kiwandani wiki mbili kila majira ya joto. Kisingizio cha siri za kampuni tunakijua na kina uzito wake, lakini utaratibu wa kuosha mikono, kuvaa suti au kusawazisha mizani hauna siri yoyote.

Vifaa vya msaada navyo vinahitaji jicho. Kampuni hutoa mashine ya kromatografia iliyostaafu, picha inapigwa, na mwaka unaofuata mashine imefunikwa nailoni kwa sababu mkataba wa matengenezo haukuwemo, programu yake inadai kompyuta ya zamani, na vichujio vinagharimu kuliko bajeti ya darasa. Msaada bora ni wa vitu vinavyoisha: ncha za pipeti, mifuko ya kukuzia seli iliyokaribia kupitwa na muda, glavu, suti, vyombo vya kuoteshea vijidudu. Hivyo ndivyo vinavyowaruhusu wanafunzi kurudia zoezi mara tatu badala ya kutazama mara moja.

Ruzuku za NSF ni za miaka michache. Programu iliyojengwa juu ya ruzuku pekee hufa na msimamizi wake. Uliza mshahara wa mwalimu unalipwa na nani. Mwalimu wa fani hii anaweza kupata zaidi kiwandani, na wengi huondoka. Vyuo vinavyodumu huajiri mafundi wa kiwandani kufundisha jioni moja kwa wiki, na kumweka mtu mmoja wa kudumu anayeshika maabara.

Na usimtegemee mwajiri mmoja. Kiwanda kikubwa cha Vacaville, California, jirani na Solano Community College yenye programu ya siku nyingi ya fani hii, kilibadili mmiliki mwaka 2024, kutoka Roche kwenda Lonza, kwa dola bilioni 1.2. Mmiliki mpya huja na taratibu zake na mahitaji yake. Mtaala uliofundisha misingi utahimili. Uliofundisha vibonyezo vya mashine ya mwajiri mmoja hautahimili. Hapo mtihani wa nje kama BACE, wa kuthibitisha ujuzi wa fundi msaidizi wa bioteknolojia, unaoendeshwa na Biotility ya Chuo Kikuu cha Florida, una faida yake, kwa kuwa unampa mhitimu karatasi inayosomeka nje ya kaunti yake, ingawa si waajiri wote wanaoujua.

Ukienda kukagua chuo

Nenda siku ya maabara, wala usiende siku ya wageni. Hesabu wanafunzi kwa kila kabati la usalama: wawili ni vizuri, wanne maana yake wawili wanatazama. Omba kuona rekodi moja ya bechi iliyojazwa na mwanafunzi, yenye makosa na masahihisho yake. Rekodi isiyo na hata mstari mmoja wa kusahihisha yaelekea imenakiliwa upya, na hilo ni kosa zito kuliko kosa lililofichwa. Tazama stika za usawazishaji kwenye pipeti na mizani, kama tarehe zimepita. Uliza waliomaliza muhula uliopita wako wapi, kwa vyeo na zamu zao, maana "ameajiriwa katika sekta" inaweza kuwa kuosha vyombo vya maabara kwa mkataba wa miezi mitatu.

Uliza pia kama chuo huwaambia waombaji ukweli wa zamu. Kazi nyingi za kuingilia katika uzalishaji ni za saa 12, usiku na wikendi, kusimama muda mwingi, bila vipodozi, vito wala simu ndani ya chumba safi. Anayelea watoto peke yake au asiye na gari katika kaunti isiyo na mabasi anahitaji kulijua hilo kabla ya kulipa ada. Chuo kinachopanga angalau mafunzo machache yaanze saa 12 asubuhi, katika suti kamili, kinamsaidia mwanafunzi kujipima mapema. Asiyeweza kazi ya uzalishaji huelekezwa maabara ya ubora, ambako zamu za mchana ni nyingi zaidi.

Kabla hujaondoka, omba pipeti ya 1,000, kikombe cha maji na mizani, kisha mwombe mwanafunzi yeyote aliye karibu, asiyechaguliwa na mwalimu, avute mara 10. Wakati anavuta, tazama kama anaandika kila namba inapotokea au anasubiri amalize zote kumi.